Kadi kuukuu za besiboli: kasoro ipi ya kusamehe?

Kampuni ya Marekani ya PSA ilipoanza kupima hali ya kadi za besiboli, zile ndogo zenye picha za wachezaji, mwaka 1991, ya kwanza kupewa alama ilikuwa ya mchezaji Honus Wagner, toleo liitwalo T206 lililotiwa kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Ilipata 8 kwa 10. Mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mnadishaji Bill Mastro akakiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo.

Kwa wakusanyaji wengi, adui mkubwa ni mkunjo, na hoja wanayo. Nyuzi za karatasi zikishavunjika hazirudi, na mstari ukimpita mchezaji usoni, jicho halioni kingine. Mkunjo mmoja unaweza kuiporomosha kadi yenye pembe kali mpaka alama za chini kabisa. Lakini mkunjo hausemi uongo. Mtoto aliikalia kadi yake, basi.

Kukata kingo ni udanganyifu. Mtu ameondoa pembe zilizochakaa ili kadi ionekane haijaguswa. Ichukue uitazame kwa lenzi: ukingo wa miaka mia umelainika na kuingia rangi ya chai, ila huu mmoja ni mweupe, mkali kama wembe. Ukiilaza juu ya mwenzake, unakuta imepungua unywele. Kadi kama hiyo, ikigundulika, hainyimwi alama moja au mbili, haipewi namba ya alama kabisa.

Picha kutokaa katikati ya kadi ni kosa la kiwandani, mwenye kadi hana lawama. Kadi nyingi za mchezaji Mickey Mantle, zilizotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, ziko hivyo. Hata hivyo mimi hunikera kuliko pembe za mviringo, kwa sababu huonekana ukiwa upande wa pili wa meza. Za Topps za 1971 zina fremu nyeusi inayobanduka hata kwa kuguswa. Kuzidai ziwe safi ni kujitafutia presha.

Panapobishaniwa hasa ni mgongoni. Watoto walizigundisha kwenye albamu, na siku ya kuzibandua karatasi ya nyuma ikabaki huko. Wapimaji huadhibu vikali, na anayenunua ili auze awasikilize, maana mnunuzi wake ataanza kusoma namba kabla ya kuiangalia kadi. Lakini kama unanunua ukae nayo, kadi yenye uso mzuri na mgongo uliochunika ni bei ya bure. Nani anaitundika ukutani kifudifudi?

Na uhaba una sheria zake. Mwaka 2021 kipande cha Wagner wa T206, kadi iliyochanwa katikati, kiliuzwa zaidi ya dola 470,000. Mnunuzi aliona wazi kwamba nusu haipo.