Kilimanjaro ya Kukopi

Sisi tuliokulia Arusha tuna ugomvi wa zamani na "Africa", wimbo wa Toto, ile bendi ya Marekani. Eti Kilimanjaro unainuka juu ya Serengeti kama Olympus, ule mlima wa miungu ya Wagiriki! Hebu simama Serengeti uutafute huo mlima. Kati yenu kuna zaidi ya kilomita 200, nyanda za juu za Ngorongoro zimekuziba, na Meru nao umesimama njiani. David Paich, aliyeutunga pamoja na mpiga dramu Jeff Porcaro, alikuwa hajawahi kufika Afrika. Lakini nimewasamehe. Ule wimbo wa 1982 ni ndoto ya mtu anayepawaza mahali asipopajua, na zile ngoma zinazojizungusha taratibu, zinazokushika kabla hata sauti haijaingia, zinaifanya ndoto iaminike.

Weezer, bendi nyingine ya Marekani, sijawasamehe.

Mwishoni mwa 2017 shabiki mmoja kijana alianza kuwabembeleza Twitter waurudie wimbo huo. Mwaka 2018 kwanza wakamtania kwa kutoa "Rosanna", wimbo mwingine wa Toto, ndipo wakaleta "Africa" yenyewe. Mpaka hapo nilikuwa nacheka nao. Halafu nikausikiliza. Mpangilio uleule, kiitikio kilekile, kinanda palepale, gitaa zimenenepeshwa kidogo. Ngoma, ambazo ndizo roho ya wimbo, zimenyooshwa zikawa za wimbo wowote wa redioni. Rivers Cuomo, mwimbaji wao, naye anaimba kama mtu aliyepewa karatasi ya maneno asubuhi hiyohiyo. Hujui kama anaupenda wimbo au anaukebehi. Miaka 36 imepita, na hata mlima hawakuusogeza!

Watu waliupenda, sikatai. Ulishika namba moja kwenye chati ya Billboard ya roki mbadala. Januari 2019 wakatoa albamu nzima ya kopi: a-ha, Eurythmics, Black Sabbath, TLC, Michael Jackson, wote wamepigwa kwa utiifu wa mwanafunzi anayenakili ubaoni.

Wapo wanaosema kopi nzuri ni ile inayofanana. Kwa bendi ya hotelini nakubali. Hapa mjini kuna jamaa wanaoupiga huohuo "Africa" kila Ijumaa. Mtalii ameagiza bia na wimbo anaoujua, ukimbadilishia anakunja uso, na mpiga gitaa ana kodi ya nyumba ya kulipa. Weezer nani alikuwa anawadai kodi? Walikuwa na studio, muda, na jina la kuwafanya watu wasubiri kusikia watafanya nini.

Devo, bendi ya vijana wa Ohio, Marekani, waliwahi kuichukua "Satisfaction" ya Rolling Stones. Wimbo ule wa 1965 unajulikana kwa kitu kimoja: gitaa la Keith Richards linalokoroma mwanzoni. Wao wakalitoa. Kabisa! Wakabakiza mdundo uliokatikakatika kama mashine yenye kasoro, na sauti ya mtu mwenye wasiwasi ambaye kweli hajaridhika na chochote. Ni kama kupika pilau bila viungo vya pilau, na bado watu wakaramba vidole. Niliposikia mara ya kwanza sikuutambua mpaka maneno yalipoanza. Nikarudisha nyuma, nikausikiliza upya tangu mwanzo.

Ya Weezer sijawahi kuirudisha nyuma.