Panga sahani kwanza, vidonge baadae

Mi nina kisukari aina ya pili na kuna kipindi nilikuwa na makopo sita ya sapulimenti mezani. Kila asubuhi nameza vyote, tena kwa nidhamu, alafu nashushia na mkate mweupe na juisi. Eti nashangaa sukari haishuki.

Kilichoniamsha ni zile vitamini za kutafuna, tamu kama peremende. Siku moja nikageuza kopo nikasoma viambato, cha kwanza kabisa sharubati ya glukosi, cha pili sukari, vitamini zenyewe ziko huko chini kwa herufi za kusoma na miwani. Na glukosi ndo ile ile iliyopewa 100 kwenye jedwali la GI (kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari kwenye damu), yaani vyakula vingine vyote vinapimwa kwa kulinganishwa nayo! Dawa yangu ya asubuhi hiyo.

Basi nikaanza na chakula. GI ya 55 kushuka ni ya chini, 70 kupanda ni ya juu, lakini usilikariri jedwali kama msahafu maana tikitimaji linapita 70 kwenye baadhi ya majedwali wakati kipande chake ni maji matupu, wanga kidogo tu, na viazi vikichemshwa vikapoa sehemu ya wanga inagoma kusagika haraka. Kiasi ulichopakua na ulichokula nacho vina uzito kuliko namba.

Ukishajua mlo wako ndo unaweka vidonge. Vitamini D inataka mafuta kidogo, kwa hiyo iende na mlo wenye mayai au parachichi. Madini ya chuma yakae mbali na chai, kahawa na kalisiamu. Anayetumia metfomini (dawa ya kisukari) miaka mingi aombe kupimwa B12 maana dawa hiyo inaweza kuishusha, hapo kidonge kina sababu, sio kwa vile jirani kasema.

Ninachoogopa mimi ni watu wanaopunguza wanga ghafla, wanaongeza beberini (sapulimenti ya mimea inayoweza kushusha sukari) au vidonge vya mdalasini, na dozi ya insulini ipo pale pale. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L) unaweza kutetemeka, jasho litakutoka, moyo utakwenda mbio na hutoelewa ni nini kimekupata. Mwambie daktari kabla hujaanza, na umpelekee makopo yenyewe ayaone, sio kumtajia majina kwa kukumbuka kumbuka. (Na vitamini C ya dozi kubwa inaweza kudanganya baadhi ya vipimo vya kidole, visome sukari iko juu kumbe wapi.)

Kwangu makopo yamebaki mawili. Juzi nimekula wali wa moto mtupu, masaa mawili baadae nikachoma kidole, 11.2. Jana kikombe kile kile cha wali, safari hii uliolala kwenye friji nikaupasha, na maharage mengi na mboga za majani: 7.9.