Raja wa Nabha alijiuzulu au alisukumwa?

Ukitaja watawala wa Kisikh wa Punjab, wengi wanarukia Ranjit Singh wa Lahore au Patiala na magari yao ya kifahari. Nabha, jimbo dogo la kifalme jirani na Patiala, inapitwa tu. Siku hizi anayefuatilia habari za India ukimtajia Nabha atakwambia aah, pale walipovamia jela Novemba 2016 wakatorosha wafungwa, basi kamaliza. Lakini kuna ishu ya 1923, ya raja wa Nabha Ripudaman Singh kuachia kiti enzi za Waingereza, ambayo hadi leo watu wanaibishania, na mimi naona upande mmoja unasimuliwa vibaya.

Ukoo kwa ufupi. Patiala, Nabha na Jind wote ni wajukuu wa babu mmoja anaitwa Phul. Nabha wanatoka kwa mtoto mkubwa, Tiloka, Patiala kwa mdogo wake Rama, halafu mdogo ndo akaja kuwa mkubwa, mwenye ardhi nyingi na heshima nyingi kwa Waingereza, sasa hapo unategemea amani itoke wapi. Mji wa Nabha uliasisiwa na Hamir Singh 1755, na ardhi za hawa ndugu zimeingiliana kiasi kwamba ukitoka mjini kidogo tu uko kwa jirani. Kuna kijiji kinaitwa Doladhi, kiko karibu kabisa na mji wa Nabha, kiligombaniwa na hawa ndugu mpaka 1806 Ranjit Singh akavuka mto Sutlej na jeshi lake kuja kusuluhisha. Kijiji kimoja! Na raja wa Nabha kung'olewa na Waingereza haikuanza 1923, Devinder Singh alivuliwa baada ya vita ya kwanza ya Waingereza na Wasikh, 1846, na robo ya ardhi ya Nabha ikachukuliwa. Waliofuata walijifunza adabu, 1857 wakasaidia kuzima maasi, wakazawadiwa Bawal huko mbali karibu na Delhi.

Sasa Ripudaman Singh. Huyu hakujifunza adabu.

Tuanze na mashtaka yake, maana yapo na si ya kupuuza. Miaka ya mwanzo ya 1920 Nabha na Patiala walikuwa wanashtakiana kila kukicha, Waingereza wakamleta jaji Stuart kutoka mahakama kuu ya Allahabad akakaa Ambala kusikiliza. Akaona Nabha ndo mwenye makosa mazito: mahakama na polisi wake walitumika kuwatengenezea kesi watu wa Patiala. Yani mtu wa jirani anakamatwa, anafungwa, si kwa kosa lake bali ili kumkomoa Bhupinder Singh, mtawala wa Patiala. Kwa aliyefungwa hivyo huyu raja hakuwa shujaa wa kitu chochote, na wanaomsifia leo mara nyingi hawamtaji kabisa huyo mfungwa. Halafu kuna jambo lingine gumu zaidi: Ripudaman mwenyewe alienda Kasauli akakutana na afisa wa serikali akakubali kuachia kiti. Alisaini. Julai 1923 akaondoka kwenda Dehradun. Kwa hiyo serikali iliposema kajiuzulu kwa hiari haikutunga kila kitu.

Haya. Ila hebu tuulize alikuwa nani kabla ya hiyo ripoti. Mwalimu wake alikuwa Kahn Singh, yule msomi mkubwa wa Nabha aliyeandika kamusi elezo ya Usikh. Akiwa bado mrithi tu, 1906 hadi 1908, alikaa kwenye baraza la kutunga sheria la Viceroy, na pale alitakiwa akae kimya apendeze. Badala yake akapinga muswada wa 1907 wa kubana mikutano ya hadhara, akiwa upande mmoja na Gokhale, mwanasiasa wa chama cha Congress, na 1908 akapeleka muswada wa ndoa ya Anand, yaani ndoa ya Kisikh. Huu ndo naomba usipitwe haraka. Kama umewahi kualikwa harusi ya Kalasinga pale Nairobi, umeona bwana na bibi harusi wanazunguka kitabu kitakatifu mara nne, hakuna moto katikati, hakuna mambo mengine. Enzi zile ndoa ya namna hiyo ilikuwa inaweza kupingwa mahakamani ikaonekana si halali, na watoto wakakosa urithi. Muswada ulimaliziwa na Sundar Singh Majithia ukawa sheria 1909. Mtu wa umri wake, mtoto wa mfalme, angeweza kuhangaika na farasi na kriketi.

Baba yake Heera Singh alipofariki Desemba 1911, Ripudaman akashika kiti akashikilia kwamba ni haki yake ya kuzaliwa, hahitaji Mwingereza kumsimika. Baada ya Wasikh kuuawa kwenye hekalu lao pale Nankana Februari 1921, inasimuliwa alivaa kilemba cheusi kuwaombolezea wale Wasikh. Kwenye faili za serikali hayo yote yanasomeka kama kiburi.

Kinachonikera mimi ni ulinganisho. Mwaka 1930 wanaharakati wa majimbo ya kifalme walichapisha mashtaka mazito dhidi ya Bhupinder Singh wa Patiala, yamo hadi ya mauaji. Serikali ikafanya uchunguzi, safari hii akakabidhiwa afisa wa siasa, Fitzpatrick, si jaji, tena milango imefungwa, na mkuu wa Patiala akatoka msafi akabaki kwenye kiti mpaka alipofariki 1938. Wakati anachunguzwa alikuwa ndo mwenyekiti wa baraza la wafalme wa India. Sisemi mashtaka yote yalikuwa kweli, nasema kipimo hakikuwa kimoja. Na kama Ripudaman aliondoka kwa hiari mbona 1928 wakamvua cheo, wakamkamata kwa ile sheria ya 1818 ya kufunga mtu bila kesi, wakampeleka Kodaikanal kusini kabisa mwa India? Mtu aliyejiuzulu kwa hiari anafungwa kwa lipi? Alifia huko 1942.

Na utawala uliokuja baada yake ulikuwaje? Septemba 1923 Wasikh walikuwa wanasoma kitabu chao bila kukatiza pale Jaito, ndani ya Nabha, kumuombea raja, polisi wakaingia wakakatiza usomaji. Nehru, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa India, alienda kuangalia na wenzake wawili, akakamatwa, akapitishwa barabarani mkono wake umefungwa pingu moja na mkono wa mwenzake Santanam, polisi kashika mnyororo, wakatupwa kwenye selo ya udongo panya wanawapita juu wakilala. Hiyo ni Nabha chini ya msimamizi Mwingereza, si ya raja. Februari 1924 msafara wa Akali 500, wanaharakati wa Kisikh, ukapigwa risasi palepale Jaito, idadi ya waliokufa mpaka leo serikali na Akali hawakuafikiana.

Kwa hiyo hukumu yangu: kwenye kesi ya Stuart Ripudaman alikuwa na hatia, sioni namna ya kumtoa. Lakini kiti hakukipoteza kwa kesi ile, alikipoteza kwa yale ya 1907, 1911 na 1921, kesi ilikuwa mlango tu. Wanaomuenzi nao wana swali la kujibu, maana 1925 Akali walipata sheria ya magurdwara, mahekalu ya Kisikh, waliyoipigania, usomaji ukaruhusiwa Jaito, wakakisoma kitabu chote mara 101 wakarudi makwao, na lile dai la kumrudisha raja wa Nabha likaachwa njiani.