Blogu Imekwama: Uongeze Posti ama Urekebishe Zile Ziko?

Ukiuliza watu wenye wamekaa kwa hii kazi ya blogu mda mrefu ufanye nini wasomaji wakigoma kuongezeka, utapata kambi mbili na kila moja inaona ile ingine imepotea. Ya kwanza inasema andika zaidi, kama ulikuwa unaweka posti moja kwa wiki weka tatu. Ya pili inasema wacha kuandika kwanza, rudi kwa zile za zamani, safisha, unganisha, zingine futa. Halafu kuna ya tatu, hii sanasana ni ya vijana, ati blogu ilikufa kitambo, hamia Facebook na TikTok juu watu wako huko.

Mimi naegemea ya pili, lakini si kwa kila blogu.

Tuchukue blogu ya kilimo cha viazi, ile mtu anaandikia Njoro ama Molo, juu huku kwetu Nakuru viazi ndio habari na shida inaonekana vizuri hapo. Kabla hata uchague kambi, jiulize kama kweli imekwama. Mkulima hatafuti dawa ya blaiti, ule ugonjwa wa kuozesha majani, Januari shamba likiwa kavu. Anatafuta mvua ya Machi na Aprili ikishashika, viazi vimetoka, baridi imeingia na majani yameanza kuweka madoa meusi, hapo ndio anashika simu usiku akiwa na wasiwasi. Sasa wewe ukichukua wasomaji wa Septemba ukawalinganisha na wa Mei lazima ulie. Search Console ya Google, ile inakuonyesha watu wanakupata aje kwa Google, ni ya bure na inakuwekea data ya miezi 16, kwa hivyo unaweza kuweka Mei ya mwaka huu kando ya Mei ya mwaka jana, lakini wengi wetu tunalinganisha mwezi huu na ule umeisha juzi, tunashtuka, tunaanza kubomoa kitu ambacho hakikuwa na shida.

Haya, tuseme umelinganisha vizuri na kweli imelala. Angalia namba mbili pamoja: mara ngapi umetokea kwa matokeo ya Google, na mara ngapi mtu amebonyeza akaingia.

Kama zote mbili ziko chini, kambi ya kuandika zaidi iko sawa, hakuna ubishi. Blogu yenye posti ishirini huwezi kuirekebisha mpaka ikawa ya posti mia. Na kuna maswali mengi sana wakulima wa hapa wanauliza kila siku na ukitafuta jibu la maana kwa Kiswahili unapata hewa. Kiazi cha Shangi kwa mfano, kila mtu anaipanda juu inaiva haraka na soko linaitaka, lakini ikikaa stoo kidogo tu inaanza kuota, sasa mtu afanye nini kama bei bado iko chini? Ama ile sheria ya 2019 ya gunia lisizidi kilo 50, inasema nini hasa, na mbona broka bado anakuja shambani na gunia la lumbesa, lile limejazwa kupita kiasi, na mkulima anakubali? Hizo ni posti kumi hapo, na hakuna kurekebisha kutazileta, lazima mtu akae chini aandike.

Shida ni kwamba blogu nyingi zenye zimekwama haziko hivo. Zinaonekana sana, watu hawabonyezi. Ukichunguza unakuta posti zake ziko namba tisa, kumi na mbili, kumi na tano kwa orodha, na nani hufika huko chini? Halafu unakuta mwenyewe ameandika kuhusu blaiti mara nne, moja ya 2018, ingine ya 2020, zingine mbili anajua mwenyewe ni za lini, zote zinasema kitu karibu moja na Google haijui achukue gani. Huyu ukimwambia aandike ya tano ni kama kumwambia mama wa soko la Wakulima ambaye wateja hawaoni kibanda chake aongeze magunia huko nyuma. Achukue zile nne atengeneze moja ya nguvu, aweke picha za shamba lake mwenyewe na si zile za kuokota, anwani za zamani azielekeze kwa hiyo mpya ndio linki za watu zisife, na kichwa akiandike venye mkulima anauliza badala ya venye ofisi ya kilimo inaandika ripoti.

Google yenyewe imetoa sababu ya kuwaamini hawa wa kusafisha. Agosti 2022 walileta badiliko la kupima kama maudhui yanasaidia watu, na wakasema wazi kwamba kuondoa kurasa zisizo na msaada kunaweza kuinua zile zingine, juu mfumo ulikuwa unaangalia blogu nzima. Machi 2024 wakaingiza hiyo hesabu ndani ya mfumo wao mkuu. Lakini pia tusidanganyane, wako wenye websaiti wengi walioangushwa na badiliko lingine kama hilo la Septemba 2023 wakafuta, wakaandika upya, wakafanya kila kitu walichoambiwa, na hawakurudi. Kwa hivyo kusafisha sio dawa ya uhakika, na mtu akianza kufuta ovyo anaeza kutupa posti yenye inaleta watu wachache tu lakini hao wachache ndio hurudi kila msimu.

Na uzito wa kurasa, jamani. Picha imetoka kwa simu moja kwa moja, MB nne, na mtu anajaribu kuifungua akiwa Kuresoi na bando ya siku moja. Google inataka kile kitu kikubwa cha ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Punguza picha, hiyo ni kazi ya jioni moja na kambi zote zinakubaliana nayo.

Sasa hawa wa kuhama. Kitambo ningewajibu haraka: mwanzoni mwa 2018 Facebook ilitangaza itaweka mbele posti za marafiki na familia, na kurasa nyingi zilizokuwa zinaishi kwa wasomaji wa huko zikabaki zimeduwaa. Ukijenga huko wewe ni mpangaji, landilodi akibadilisha kufuli unalala nje. Hiyo hoja bado iko. Lakini siku hizi haina makali ya zamani, juu hata Google imekuwa landilodi. Mei 2024 walianza kuweka majibu ya AI juu ya matokeo huko Marekani, na kufikia Oktoba mwaka huo yakawa yamesambazwa kwa nchi zaidi ya 100. Mtu anauliza nafasi ya kupanda viazi ni ngapi, anajibiwa hapo juu, anafunga simu. Jibu pengine limetoka kwako na hata hujui.

Kwa hivyo mwenye anasema twende kwa watu hajakosea, amekosea tu akisema tuache nyumba. Posti ya TikTok ya Aprili mwaka jana nani ataiona Aprili hii? Ya blogu inaonekana. Halafu wakulima wengi wala hawako TikTok kivile, wako kwa magrupu ya WhatsApp, na huko ukiweka maandishi yote yanakopiwa na kusambazwa mpaka Bungoma bila jina lako. Mimi ningeweka kipande kifupi chenye kinasaidia hata kikisomwa peke yake, picha yenye jina la blogu juu yake, na linki. Chaneli za WhatsApp ziko tangu 2023, hazina ile vurugu ya grupu, lakini pia watu hawaulizani maswali huko kama kwa grupu, na maswali ya grupu ndiyo yanakupea posti zijazo. Kwa hivyo mimi nachagua grupu, hata na kelele zake na zile meseji za asubuhi njema.

Mambo ya pesa nitapita haraka. AdSense, yale matangazo ya Google unaweka kwa blogu, haikulipi mpaka ufikishe dola 100, na tangu Finance Act ya 2023 kuna kodi ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa wakaazi wa Kenya (mswada ulikuwa unataka 15). Kwa blogu imekwama hizo ni hesabu za mbali, zisikufanye ukimbilie habari za masupastaa wa Nairobi ndio namba zipande, juu mkulima akikuja akutane na hizo hatarudi.

Kitu moja tu kuhusu mda. Google ikishaona umebadilisha posti inaeza kuchukua wiki nyingi kabla ikupandishe, kama itakupandisha. Mwenye blogu ya viazi akitaka kurekebisha afanye Novemba na Disemba, afike Februari amemaliza. Akianza Aprili mvua ikiwa imeshika, posti itapanda wakati watu wanavuna.