Yule Mwenye Pembe Si Shetani Wenu, Wala Si Babu Yenu

Jumapili iliyopita, saa mbili usiku, kijiko cha kwanza cha maharage kikiwa njiani kuelekea mdomoni, shangazi akatuma video kwenye kundi la ukoo. Dakika nne na ushee, ile yenye alama ya kusambazwa mara nyingi, muziki wa kutisha, na mhubiri mmoja ambaye simtaji kwa sababu hahitaji kutangazwa na mimi. Nyuma yake kuna picha iliyopakwa wekundu: mtu amekaa chini amekunja miguu, pembe kubwa zenye matawi kichwani, mkono mmoja umeshika pete nene ya shingoni, mwingine umemkaba nyoka. Mhubiri anamgonga kwa fimbo. Huyu, anasema, ndiye Cernunnos (analitamka kwa S, ingawa wanaolijua hulitamka kwa K), mungu wa wachawi wote duniani tangu Babeli, Shetani mwenyewe kabla hajabadilisha jina.

Amina kumi na saba. Binamu mmoja wa Dar akaweka alama ya moto.

Maharage yakapoa, kwa sababu ile picha naifahamu. Nimewahi kusimama mbele yake. Nilikwenda Copenhagen kumtembelea dada, baridi ilikuwa ya kukata masikio, yeye kazini mchana kutwa, mimi nikakimbilia Makumbusho ya Taifa kutafuta joto. Humo ndimo nilimkuta, kwenye bamba la ndani la sufuria ya fedha yenye uzito wa kama kilo 9 na upana wa sentimita 69. Waliokuwa wakikata mboji ya kuwashia moto waliikuta kinamasini, karibu na kijiji cha Gundestrup huko Jutland, tarehe 28 Mei 1891. Haikuwa nzima. Mtu aliyeiweka pale, miaka zaidi ya elfu moja na mia nane nyuma, aliibandua bamba kwa bamba na kuyapanga yote ndani ya bakuli lake la chini, kama tunavyofungasha vyombo vya marehemu. Nilidhani nitaogopa. Nilichoona ni mtu mpole, ndevu hana, ayala dume amesimama ubavuni mwake kama mbwa wa nyumbani, na yule nyoka ana kichwa cha kondoo dume. Hakuna damu hapo wala mchawi. Wala jina, hata herufi moja. Wataalamu wengi wanasema mkono wa fundi ni wa Wathrakia, kule Bulgaria na Romania za leo. Basi kitu kilichofuliwa kusini-mashariki kikazikwa Denmark, na leo kinatumika kumweleza mungu wa Wagalia wa Ufaransa, kupitia mhubiri wa kwetu. Safari ndefu hiyo.

Kwanza tumalizane na pembe. Lugha yetu ina neno moja tu: ng'ombe ana pembe, mbuzi ana pembe, tembo naye meno yake tunayaita pembe. Lakini za ayala ni kitu kingine. Ni mfupa mtupu, huanguka kila mwaka na kuota upya, na kila mwaka mnyama anaonekana uchi kama mti wa kiangazi. Sisi ayala hatuna. Tunamjua kwa Zaburi ya 42, "kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji", na tumeiimba tangu utotoni bila kumwona. Yule wa kwenye sufuria amevaa pembe za huyo huyo ayala wa Zaburi. Shetani wa michoro ya Ulaya ana pembe za mbuzi na kwato za mbuzi, kafanana na Pan, mungu wa Wagiriki mwenye nusu ya mbuzi, ni beberu kabisa. (Na hapa nasema beberu yule wa zizini. Yule mwingine anakuja baadaye.)

Na hata kama zingekuwa za mbuzi, tangu lini pembe peke yake ni ushahidi? Biblia hiyo hiyo inamwita Mungu "pembe ya wokovu wangu". Jirani zangu Waislamu wanamsoma Dhul-Qarnain katika Surat al-Kahf, mwenye pembe mbili, na hakuna anayemkemea. Michelangelo alimchonga Musa akiwa na pembe mbili kichwani, yuko Roma kanisani hadi leo, kwa sababu tafsiri ya Kilatini ya kitabu cha Kutoka ilisema uso wake ulikuwa na pembe pale tunaposema uling'aa. Mhubiri aende na fimbo yake Roma.

Ningeweza kumaliza hapo nikapasha maharage. Kosa langu nikaingia mtandaoni kutafuta cha kumjibu, nikakutana na upande wa pili.

Upande wa pili ni wapagani wa kisasa wa Uingereza na Marekani, na ndugu zetu wawili watatu wa ughaibuni waliojiunga nao, wanaoandika kwa hisia kali kwamba Cernunnos ndiye mungu wa msitu, bwana wa wanyama, mume wa mungu wa kike, na kwamba dini yake haijakatika tangu zama za mapango. Wachawi waliochomwa Ulaya walikuwa waumini wake. Picha ile ile ya sufuria, safari hii imepakwa kijani. Nikasoma usiku mzima. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba mhubiri mwenye rangi nyekundu na mpagani mwenye rangi ya kijani ni ndugu wa tumbo moja. Na mama yao ana jina.

Anaitwa Margaret Murray, mtaalamu wa Misri ya kale wa chuo kikuu cha London. Mwaka 1921 alitoa kitabu akidai kwamba kesi za uchawi za Ulaya zinaficha dini halisi ya kale, yenye vikundi, sikukuu na mungu mwenye pembe. Mwaka 1931 akaongeza cha pili, humo mchoro wa pangoni, Pan, Cernunnos na Shetani wa mahakamani wakawa mtu mmoja. Mwaka 1929 alikabidhiwa kuandika maelezo ya uchawi katika Encyclopaedia Britannica, akaandika nadharia yake kama vile imethibitishwa, nayo ikakaa humo kwa miongo. Kisha mstaafu mmoja wa forodha aliyefanya kazi Malaya, Gerald Gardner, akatokea mwaka 1954 na kitabu akisema dini hiyo bado ipo, naye ameingizwa. Dibaji aliandikiwa na nani? Na Murray. Hapo ndipo ilipoanza kujulikana Wicca, dini ya hao wapagani wa kisasa, na mungu wake mwenye pembe.

Sasa tuulize ushahidi wa mama Murray ulitoka wapi. Ulitoka kwenye maungamo. Hapa ndipo kejeli inanikauka mdomoni.

Chukua kesi za North Berwick, Scotland, 1590 na 1591, ambazo Murray alizitegemea sana. Alikuwepo mwanamke mmoja, Agnes Sampson, mtu mzima, mkunga na mganga wa kijiji. Aliletwa mbele ya mfalme James wa Sita, ndiye yule yule ambaye Biblia ya Kiingereza ya 1611 huitwa kwa jina lake. Alikana. Wakamnyoa nywele mwili mzima, wakamkaza kamba kichwani, wakamnyima usingizi. Ndipo "akakumbuka" kwamba alikutana na Shetani kanisani usiku, na kwamba walipika dhoruba ya kuzamisha meli ya mfalme. Wakamnyonga, wakamchoma. Miaka mia tatu na thelathini baadaye bibi msomi ameketi maktabani London, anasoma maungamo yale, na anachosema ni kwamba huyu mwanamke kweli alikwenda kukutana na mwenye pembe, ila mwenye pembe hakuwa Shetani, alikuwa mtu aliyesimama mahali pa mungu wa kale. Mwaka 1975 mwanahistoria Norman Cohn alizirudia nyaraka zake na kuonyesha jinsi alivyonukuu: vipande vinavyowezekana anavichukua, vile vya kuruka angani na kugeuka mnyama, katika ungamo hilo hilo, anaviruka yeye mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Kanda ya Ziwa. Sihitaji kuelezwa maana ya bibi mwenye macho mekundu. Kijijini kwetu macho huwa mekundu kwa sababu ya kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na tumewazika vikongwe kwa ajili ya macho hayo. Jirani yetu mmoja, mkunga vilevile, aliyempokea kaka yangu kwa mikono yake, alihamishwa usiku na binti yake kwenda mjini baada ya maneno kuanza kisimani. Hakurudi hata kuvuna mihogo yake. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wale wanawake wa Scotland walikuwa makuhani wa mungu wa msitu, anadhani anawaheshimu. Anachosema ni kwamba waliowanyonga walikuwa na taarifa sahihi! Mhubiri anasema walikuwa wa Shetani, mpagani anasema walikuwa wa Cernunnos, na wote wawili wanakubaliana na mahakama kwamba walikuwa huko usiku ule. Hakuna hata mmoja anayesema neno fupi: alikuwa mkunga, walimkaza kamba kichwani, akasema walichotaka.

Nitakiri jambo moja, kwa shingo upande. Wapagani wenyewe wa leo, wengi wao, wameshaiacha nadharia ya Murray, hasa tangu Ronald Hutton alipoandika historia ya dini yao mwaka 1999. Wanasema dini haihitaji kuwa ya kale ili iwe dini. Sawa. Mtu akiinama mbele ya mti akamwita Cernunnos, kisha asiukate, simgombezi. Kuna watu wanaimba vizuri sana kanisani halafu wanachoma mkaa.

Ila anayempenda huyu mungu amwangalie basi yeye mwenyewe, na vichache alivyotuachia. Jina lake liko kwenye nguzo ya mawe iliyochimbuliwa mwanzoni mwa karne ya 18 chini ya kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, na leo iko makumbusho ya Cluny mji huo huo. Herufi ya kwanza imelika. Waliouona mwandiko mapema waliinakili kuwa C. Waliosimamisha nguzo wamejitaja: ni wenye vyombo vya mto Seine, wa kabila la Parisii, enzi za Kaisari Tiberio, kati ya mwaka 14 na 37 B.K. Wameitoa kwa Jupiter, halafu miungu ya Kirumi na ya Kigalia imepangwa pamoja kama watu kwenye foleni ya benki. Naye yumo, mzee mwenye ndevu safari hii, kwenye kila pembe imening'inia pete ya shingoni, yaani mali.

Wasafirishaji wa mizigo, mjini, na mali. Kule Reims kuna mchongo mwingine wa mwenye pembe kama huyu, amekaa kati ya Apollo na Merkurio, ameshika mfuko unaomwagika; wengine wanaona sarafu, wengine nafaka. Ayala yupo chini yake, lakini yupo na fahali. Unaniambia huyu ni mungu wa msitu peke yake? Hakuna hadithi yake hata moja iliyosalia. Makuhani wa Wagalia, Julius Kaisari ametuambia, walikataa kuandika mafundisho yao. Msitu ule mkubwa aliovishwa ni wa watu wa London ya moshi na treni waliokuwa na hamu ya miti, na hamu hiyo naielewa, lakini si yake. (Wanaomlinganisha na mtu wa kwenye muhuri wa Mohenjo-daro, mji wa kale wa Pakistan ya leo, kwa sababu wote wamekunja miguu, hata fundi viatu wa stendi hukaa hivyo.)

Kipo kitu kingine ninachokipenda kuliko sufuria. Ni kibao cha nta kutoka machimbo ya dhahabu ya Alburnus Maior, Romania ya leo, cha Februari mwaka 167. Ni tangazo la chama cha kuzikana kilichokuwa chini ya Jupiter Cernenus. Wataalamu wanabishana kama huyo Cernenus ndiye Cernunnos, wacha wabishane. Kiongozi, Artemidorus, anatangaza kwamba wanachama walikuwa 54 wamebaki 17, kiongozi mwenzake hajakanyaga mkutanoni tangu achaguliwe, kasha halina hela hata ya mazishi ya mtu mmoja, na kuanzia leo anayekufa asijidanganye kwamba ana chama. Mtu akiniuliza waumini wa kale walikuwa watu wa namna gani, mimi ndipo ninapompeleka.

Na yule beberu mwingine niliyemwahidi: Waingereza walifuta sheria yao ya uchawi ya 1735 mwaka 1951, ndiyo maana Gardner aliweza kuandika bila woga. Zile walizotuandikia sisi, Kenya 1925 na Tanganyika 1928, walituachia, na bado zimo vitabuni. Wao wakapata dini mpya yenye mungu wa kijani.

Nikamwandikia shangazi pembeni, maana kundini ningeonekana nabishana na amina kumi na saba. Shikamoo shangazi, nikaanza, halafu nikamwaga karibu yote haya, pamoja na picha ya nguzo ya Paris. Shangazi ni mjane wa mtu aliyekuwa na boti ya mizigo, machungwa na dagaa, Ukerewe na Mwanza, na kwa miaka kumi na moja sasa ni mhazini wa chama cha kuzikana mtaani kwao. Alama mbili zikageuka bluu. Kimya cha nusu saa.

"Marahaba mwanangu. Umesoma sana. Hao wenye vyombo walikuwa wanachangishana ngapi ngapi hadi wakasimamisha nguzo?"

Kabla sijajibu ikaja nyingine.

"Na yule kiongozi mtoro, hela za watu alirudisha?"