Mvua ya Ugenini na Mtoto wa Miaka Miwili

Nilikokulia sikuwahi kumsikia mtu mzima akiuliza amchezeshe nini mtoto siku ya mvua. Mawingu yakifunga tuliitwa ndani, mlango ukarudishwa, shughuli zikaendelea. Nyumba ilijaa watu. Shangazi anakunja nguo, kaka amefungua redio mbovu vipande vipande, bibi amejilaza lakini macho yako wazi, na kila mara kuna mtoto mkubwa kidogo wa kumbeba mdogo mgongoni kutoka chumba hiki hadi kile. Mdogo alikuwa na magoti ya kuegemea popote alipogeuka, basi.

Huku nilikohamia tuko watatu: mimi, mume wangu na kijana wetu wa miaka miwili na miezi minne, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Mvua yenyewe ni tofauti. Ile ya nyumbani ilikuwa inashuka kwa kishindo, inapiga bati mpaka hamsikilizani, halafu inakatika na jua linatoka. Ya huku ni manyunyu ya siku nne mfululizo. Mume wangu anatoka asubuhi, mimi nafanya kazi mezani, na mtoto anasimama mlangoni ameshika viatu vyake.

Kwa miezi mingi jibu langu lilikuwa simu. Nilimwekea katuni, akatulia, nikamaliza kazi. Lakini nilianza kuogopa ule utulivu. Nilikuwa namwita jina mara tatu hageuki. Nikimnyang'anya simu anajitupa chini na kulia kilio ambacho hata maziwa hayakukituliza. Nilipoona hivyo ndipo nikatafuta mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019. Unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ndiyo bora zaidi. Hilo wengi tumelisikia. Lililonigusa ni sehemu nyingine ya mwongozo huohuo: mtoto wa umri huu anahitaji dakika 180 za kujongea kila siku, yaani kutembea, kupanda, kuruka, kubingirika. Saa tatu. Nikatazama vile vyumba viwili nikajiuliza zitatoka wapi.

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani dawa ni vitu vya kuchezea. Nikanunua, nikajaza kapu. Mtoto akavimwaga vyote sakafuni, akagusa kimoja, akaacha, akagusa kingine, baada ya dakika tano yuko miguuni pangu. Baadaye nikasoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliotoka mwaka 2018: watoto wadogo 36 waliachwa wacheze mara moja na vitu vinne, mara nyingine na vitu kumi na sita. Vilipokuwa vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukitumia kwa namna nyingi zaidi. Usiku uleule nilificha robo tatu ya kapu juu ya kabati. Sasa navibadilisha kila baada ya siku chache, na vinavyorudi anavipokea kama vipya.

Ila naamini jambo lenyewe liko ndani zaidi ya idadi ya vitu. Skrini iliingia nyumbani kwangu kuziba nafasi ya watu. Shangazi hayupo, kaka hayupo, mtoto wa kumbeba mgongoni hayupo. Mtoto wa miaka miwili hatafuti burudani; anataka kuwa pale kazi inapofanyika, ashike kile ulichoshika wewe. Nyumbani alikipata hicho bila mtu kupanga, kwa sababu kazi za watu wazima zilikuwa sakafuni, mbele ya macho yake. Kazi yangu mimi iko ndani ya kompyuta, hana pa kuishika.

Basi siku za mvua nimezirudisha kazi za mikono chini. Jumanne nilitandika taulo jikoni, nikaweka beseni lenye maji ya vidole vinne, vikombe viwili vya plastiki, upawa na vijiko. Nikamwambia, "Nisaidie kuosha." Alikunja mikono ya shati mwenyewe, vibaya, mmoja ukashuka ndani ya maji. Akachota kwa kikombe, akamimina ndani ya upawa, upawa ukafurika. Akasimama, akauangalia ule ufuriko kwa makini kabisa. Akamimina tena polepole, akaacha kabla haujajaa. Mara ya tatu akanitazama kwanza, akamimina, ukajaa hadi ukingoni bila tone kumwagika. Hakushangilia. Akavuta pumzi tu, akaanza upya. Alikaa pale karibu dakika arobaini, mimi nikiwa nimeketi sakafuni kando yake, kwa sababu maji hata yakiwa kina cha kidole yanaweza kumzamisha mtoto, na hapo hamna cha "nageuka mara moja". Kazi yangu ya kompyuta niliimalizia usiku. Nakubali hiyo ndiyo bei.

Siku nyingine tunatafuta soksi zinazofanana. Tunajenga kibanda kwa shuka na viti, tukikaa ndani tunasikiliza mvua na kubishana ni kubwa au ndogo. Dakika zile za kujongea nazipata kwa mito ya kochi iliyopangwa chini, anavuka "mto" bila kukanyaga "maji". Kwa utepe wa gundi wa karatasi niliobandika sakafuni autembelee kama reli. Na kwa kukimbizana hadi tuheme, ingawa hapo namfikiria jirani wa chini, kwa hiyo tunakimbizana mchana tu, bila viatu. Kwa vitu vidogo nina kipimo kimoja: kinachopita ndani ya kile kibomba kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, hakifiki mikononi mwake mpaka atimize miaka mitatu.

Najua wapo watakaosema malezi ya nyumbani yalikuwa bora, tumeharibikiwa huku. Sikubaliani nao moja kwa moja. Watu wazima walionilea walinipenda sana, lakini sikumbuki mmoja aliyepiga magoti akanitazama machoni na kuniuliza naona nini kwenye lile wingu. Kupiga magoti nimejifunzia huku. Na mtoto mkubwa aliyembeba mdogo siku nzima alikuwa naye ni mtoto, mchezo wake alikuwa ameunyimwa. Mimi niliwahi kuwa huyo mbebaji. Tena niliporudi likizo niliona simu zimeshafika mikononi mwa wadogo kule pia, sebule imejaa watu na kila mmoja yuko kivyake. Watu wapo, lakini wamekuwa kama hawapo, na hilo liliniuma kuliko upweke wa huku.

Kwa hiyo nilipiga hodi mlango wa pili. Anaishi mama mwenye binti wa umri wa mwanangu, naye mhamiaji, lugha yetu ya pamoja ni ya kuombea chumvi tu. Tulielewana: mvua ikinyesha, mchana mmoja kwangu, mmoja kwake. Watoto hawachezi pamoja hasa. Kwa umri huu hukaa ubavuni, kila mmoja na shughuli yake, akimchungulia mwenzake. Inatosha. Mmoja wetu anafanya kazi saa mbili, mwingine yuko sakafuni.

Skrini moja nimeibakiza, ile ya kumpigia bibi yake. Zamani nilimkalisha mbele ya simu, "Msalimie bibi," anaona haya, anakimbia. Mama yangu ndiye aliyebadilisha mambo. Siku moja ya mvua aliniambia, "Mwanangu, iegemeze hiyo simu mahali, mwache atembee." Kisha akamwita, "Mume wangu, niletee kitu chekundu." Mtoto akazunguka chumba, akarudi na kikombe. "Kizuri. Sasa kitu laini." Akaleta taulo. "Sasa niletee kitu kinachonuka mvua." Akasimama, akafikiri, akaenda mlangoni. Akarudi amekumbatia buti lake la mpira lenye matope ya wiki iliyopita, akalisukuma hadi kwenye kioo cha simu, na mama yangu, kilomita maelfu kutoka pale, akasogeza pua yake karibu akavuta pumzi kwa nguvu.