Mdororo wa uchumi na mishahara ya umma: kipi kikatwe?

Uchumi unapodorora, makusanyo ya kodi hushuka haraka kuliko matumizi ya serikali, na kwa kuwa mishahara ya watumishi wa umma ni miongoni mwa mafungu makubwa ya bajeti, ndiyo inayoangaliwa kwanza. Wanaotaka ipunguzwe wana hoja ya haki isiyopaswa kubezwa: mfanyakazi wa kiwanda kilichofungwa amepoteza ujira wote, ilhali mtumishi wa umma anaendelea kulipwa kutokana na kodi ya hao hao waliobanwa.

Wapinzani wao hujibu kwamba mshahara wa mwalimu ni mauzo ya mwenye duka, hivyo ukikatwa wakati watu wengine nao wameacha kununua, mdororo huzidi na kodi hushuka tena. Hoja hii ilipata nguvu mwaka 2013, wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Olivier Blanchard na Daniel Leigh, walipoonyesha kwamba makadirio ya mwanzoni mwa msukosuko wa madeni ya serikali za Ulaya yalikuwa yamepunguza mno uzito wa madhara ya kubana matumizi. Hata hivyo, serikali ambayo hakuna tena anayekubali kuikopesha haiwezi kulipa mishahara kwa hoja peke yake.

Kinachonisumbua zaidi ni njia inayopendwa kuliko zote, yaani kusitisha ajira mpya. Huonekana ya upole kwa sababu hakuna anayepewa barua ya kuachishwa kazi, lakini wanaoondoka hawachaguliwi kwa kuangalia mahitaji: huondoka waliofikia umri wa kustaafu, na wenye ujuzi unaotafutwa kwingine. Wodi iliyokuwa na wauguzi watatu inaweza kubaki na mmoja, huku ofisi isiyo na kazi nyingi ikibaki na watu wake wote, na nafasi nyeti hukaimiwa miaka nenda rudi. Gharama hiyo haionekani kwenye vitabu vya hazina; huibeba mgonjwa aliye kwenye foleni.

Kwa sababu hiyo naona makato ya mishahara yanayopanda kulingana na kipato, pamoja na uchungu wake, ni afadhali. Ayalandi, iliyositisha ajira Machi 2009, ilianza Januari 2010 kukata asilimia 5 ya euro 30,000 za kwanza za mshahara wa mwaka, na asilimia 7.5 ya euro 40,000 zilizofuata, kisha zaidi kwa waliolipwa zaidi. Hapo kila mtu alijua amepoteza kiasi gani. Binafsi ningewaondoa kabisa wa ngazi ya chini, kwani kwao hata asilimia 5 hutoka kwenye chakula na nauli. Tena ningetaka sheria ya makato itaje tangu mwanzo tarehe au kiwango cha mapato kitakachoyakomesha: huko Ayalandi, hadi mwaka 2017 bado ilikuwa ikitungwa sheria ya kuweka ratiba ya kurejesha kilichokatwa.